Riwaya za Hatari na Kijana wa Kariakoo

Katika hadithi za kale za pwani iko moja ambayo Edward Steere aliipata Unguja na kuichapisha London mwaka 1870. Ni hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka huyo alianza kwa kula mifugo. Watu walipokwenda kushitaki, sultani aliwajibu kwamba paka ni wake na mifugo ni yake. Paka akazidi, akatoka katika wanyama wadogo akaingia katika wakubwa, na jawabu likawa lile lile. Akaanza kula watu, na jawabu halikubadilika. Siku alipowaua wana wa sultani mwenyewe ndipo sultani alipokiri kwamba yule si paka tena bali ni nunda, mla watu. Aliyeondoka kwenda kumtafuta na kumwua alikuwa mwana wa mwisho, ambaye hapo mwanzo baba yake hakumthamini.

Nimeitanguliza hadithi hii kwa makusudi. Siku hizi, katika nchi nyingi duniani, vijana wameshikwa na mapenzi makubwa ya riwaya ambazo wataalamu huziita za distopia, yaani hadithi za kusisimua zinazobuni nchi iliyopotoka, ambamo wenye nguvu huwala wanyonge na kijana mmoja au wawili husimama kuikabili hali hiyo. Riwaya ya The Hunger Games ya Suzanne Collins wa Marekani, iliyotolewa mwaka 2008, ni mfano unaojulikana sana: watawala huwachukua watoto kwa kura ili wauane mbele ya watazamaji. Wazazi wengi wa kwetu huyaona mapenzi hayo kuwa ni maradhi yaliyotoka ng'ambo. Lakini msomaji akimkumbuka nunda, atatambua kwamba hamu hiyo ni ya zamani na ni yetu. Nchi inaliwa na kitu alichokifuga mtawala wake mwenyewe, na kijana asiyehesabiwa anakwenda kukikabili. Nyanya zetu walilisimulia jambo hilo gizani, na watoto waliogopa, kisha wakaomba lisimuliwe tena.

Nia ya insha hii ni kueleza jinsi hamu hiyo ilivyojitokeza katika mji wa Dar es Salaam, hasa Kariakoo na mitaa inayoizunguka, kati ya mwaka 1965 na 1990, ilipovaa vazi la riwaya za upelelezi na ujasusi. Kuuliza kwa nini vijana walizipenda mno. Na kuonyesha kitu kilichopungua katika riwaya hizo ambacho hadithi ya nunda ilikuwa nacho.

MJI NA WASOMAJI WAKE

Kariakoo ni mahali ambapo jina lenyewe ni kumbukumbu ya vijana waliochukuliwa. Latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambao waliwekwa kambi mahali hapo. Kambi ikageuka soko, na soko likageuka moyo wa mji wa Waafrika. Jengo kubwa la soko lililosanifiwa na Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, na kulizunguka ikaenea mitaa ambayo kila mgeni wa Dar es Salaam hujifunza majina yake kwa miguu: Msimbazi, Uhuru, Mkunguni, Kongo, Swahili, Sikukuu, Tandamti.

Mji huo ulikua kwa kasi ya kutisha. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuta wakazi wa Dar es Salaam wapatao 272,000. Mwaka 1978 mkoa mzima ulikuwa na watu wapatao 843,000, na mwaka 1988 wamepita 1,360,000. Wengi wa walioongezeka walikuwa vijana waliotoka mikoani, wakapokewa na shangazi au binamu katika chumba kimoja cha nyumba ya Kiswahili, ambamo wapangaji wa vyumba sita hutumia ukumbi mmoja na ua mmoja.

Vijana hawa walikuwa na kitu ambacho baba zao wengi hawakuwa nacho: walijua kusoma. Kampeni ya kufuta ujinga iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 na mpango wa elimu ya msingi kwa wote uliotekelezwa kuanzia mwaka 1977 ulileta mageuzi makubwa. Mwaka 1967 karibu theluthi mbili za watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia mwaka 1986 takwimu za serikali zilionyesha kuwa waliobaki ni kama watu kumi tu katika kila mia. Hapana shaka hili ni mojawapo ya matendo makubwa ya taifa letu.

Lakini mtu akifundishwa kusoma, hana budi kutafuta cha kusoma. Nafasi za shule za sekondari zilikuwa chache sana, na wengi waliomaliza darasa la saba hawakuzipata. Vitabu vya elimu ya watu wazima vilieleza ufugaji bora wa kuku, uchimbaji wa vyoo na kilimo cha pamba. Vilikuwa na faida yao, na hakuna mwenye akili atakayevidharau. Ila kijana aliyepanga chumba Mtaa wa Mchikichi hakuwa na kuku wala shamba la pamba. Alikuwa na usiku mrefu, taa ya koroboi, na maswali ambayo kijitabu cha pamba hakikuyajibu.

Mahali pa kwanza alipopata jawabu ni katika majumba ya sinema. Avalon, Empire, Empress na New Chox yalionyesha filamu za Kihindi, za wachunga ng'ombe wenye bastola, na baadaye za wapiganaji wa Kichina. Mwishoni mwa miaka ya 1960 likaja pia gazeti la picha lililoitwa African Film, lililomhadithia Lance Spearman, mpelelezi Mwafrika mwenye kofia, aliyewapiga wahalifu ngumi kutoka ukurasa hadi ukurasa. Liliandikwa kwa Kiingereza, lakini picha hazihitaji mkalimani. Baadaye Faraji Katalambulla alihariri gazeti la namna hiyo kwa Kiswahili, Film Tanzania, na Watanzania wakajiona wenyewe katika picha. Kijana wa Kariakoo alikuwa amekwisha andaliwa. Kilichobaki ni kitabu.

VITABU VYENYEWE

Mlango ulifunguliwa na Mzanzibari. Muhammad Said Abdulla alishinda mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958 yaliyoendeshwa na Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki, na hadithi yake, Mzimu wa Watu wa Kale, ikachapishwa mwaka 1960. Shujaa wake, Bwana Msa, ni mtu wa makamo mwenye kiko, anayetumia akili kuliko mikono, na ambaye hubomoa hofu za watu kwa kuuliza maswali. Panaposemwa kuna mzimu, yeye hutafuta mtu. Mwaka 1965 Katalambulla alitoa Simu ya Kifo, na upelelezi ukahamia katika mji wa simu, magari na maofisa wa polisi. Chombo ambacho kilikuwa fahari ya maofisi kikawa kinywa cha mauti.

Kisha akaja Elvis Musiba. Katika Kufa na Kupona ya mwaka 1974, Kikosi cha Kisasi ya mwaka 1979, na Njama ya mwaka 1981, alimleta Willy Gamba, jasusi wa Tanzania, anayepanda ndege, anayevaa vizuri, anayependa maisha, na ambaye hupambana na Makaburu na vibaraka wao. Baada yake akaja Ben Mtobwa, aliyezaliwa mwaka 1958 na kufariki mwaka 2008, na mpelelezi wake Joram Kiango pamoja na mwenziwe Nuru. Pembeni yao walikuwako wengine wengi, kama Eddie Ganzel, Hammie Rajab na Kajubi Mukajanga, ambaye baadaye alikuja kuongoza Baraza la Habari Tanzania.

Yafaa ikumbukwe jinsi vitabu hivi vilivyofika mikononi mwa watu. Vile vya kwanza vilitoka Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, na mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa hadi mwaka 1983, vitabu kutoka huko viliadimika. Karatasi nayo ikawa haba kama zilivyokuwa haba sabuni na sukari. Hapo ndipo waandishi wa Dar es Salaam walipojifunza kuwa wachapishaji wa kazi zao wenyewe. Walikusanya fedha za marafiki, wakatafuta mpiga chapa mwenye karatasi, wakachapa vijitabu vyembamba vyenye jalada laini na picha ya bastola au ya msichana, kisha wakavipeleka kwa wauza magazeti. Mtobwa mwenyewe alianzisha kampuni yake ya Heko.

Vitabu viliuzwa juu ya gunia lililotandikwa chini, kati ya magazeti na dawa za mende, katika vituo vya mabasi na pembe za mitaa. Sisi tuliokuwa watoto wa shule katika miaka ya 1980 twakumbuka kwamba nakala moja ilitosha mtaa mzima. Iliazimwa kwa usiku mmoja, ikarudi asubuhi imelegea mgongo. Jalada lilitoka kwanza, kisha kurasa za mwanzo, kisha za mwisho. Na aliyekuwa amekisoma kitabu kikiwa kizima alipata heshima ya kuwasimulia wengine mwisho wake barazani.

HOFU ILIYOKUWA YA KWELI

Sasa tuulize: vijana walipenda nini katika vitabu hivi? Mimi naona sababu tatu.

Ya kwanza ni kwamba hatari iliyosimuliwa ilikuwa ya kweli. Dar es Salaam ilikuwa makao makuu ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963 hadi kazi yake ilipokwisha mwaka 1994. FRELIMO ilianzishwa katika mji huu mwaka 1962, na vyama vya ukombozi kutoka Afrika Kusini, Zimbabwe, Namibia na Angola vilikuwa na maofisi yao hapa. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam na bomu lililofichwa katika kifurushi cha kitabu. Mwaka 1982 Ruth First aliuawa Maputo kwa bomu la barua. Mwaka 1972 Mzee Abeid Karume alikuwa amepigwa risasi Unguja, na mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia Kagera.

Basi mwandishi wa riwaya za ujasusi hakuhitaji kubuni adui. Adui alitajwa katika taarifa ya habari ya Radio Tanzania Dar es Salaam, na aliyekuwa akisikiliza redio ya jirani kupitia ukuta wa chumba alijua kwamba mji wake unawindwa. Lakini taarifa ya habari husema lililokwisha kutokea. Riwaya ilimchukua kijana ikampeleka ndani ya chumba ambamo njama inapangwa, ikamwonyesha inavyovunjwa, na ikampa mtu wa rangi yake na lugha yake anayeivunja. Hofu aliyokuwa nayo pasipo umbo ikapata umbo, jina na mwisho.

Sababu ya pili yahusu hali ya kijana mwenyewe katika mji. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimemaliza akiba, bei ya mafuta ilikuwa imepanda, na bidhaa zilipatikana kwa foleni au kwa mlanguzi. Mwaka 1983 serikali, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, ilitangaza vita dhidi ya wahujumu uchumi, na katika mwaka huo huo ikapitishwa Sheria ya Nguvukazi. Nia yake ilikuwa kila mtu mwenye nguvu afanye kazi halali. Utekelezaji wake mjini ulikuwa kuwasimamisha watu njiani na kuwadai vitambulisho vya kazi, na wasio navyo kuchukuliwa na kupelekwa mashambani. Muuza maji ya barafu wa Kariakoo, aliyekuwa akilisha wadogo zake wawili, alijikuta anaitwa mzururaji.

Hatuna haja ya kuficha jambo hili katika kitabu cha utamaduni wa taifa, kwani ni sehemu ya historia ya taifa. Kijana huyo aliishi katika mji ambao kimaandishi haukuwa wake. Alijua vichochoro vya kukimbilia, alijua saa za msako, alijua nani ni askari hata akivaa nguo za kiraia. Maarifa hayo hayakuwa na sifa popote, shuleni wala kazini. Katika riwaya ya upelelezi yalikuwa ndiyo maarifa ya shujaa. Kujua njia ya uani, kutambua anayekufuata, kubadili jina, kulala macho: aibu ya mchana ikawa ushujaa wa usiku kitabuni.

Hapa pana jambo ambalo wahakiki wengi hawakulitilia maanani. Willy Gamba wa Musiba ni mtumishi wa serikali. Huitwa na mkuu wake, hupewa kazi, hulipiwa nauli. Joram Kiango wa Mtobwa ni mtu wa kujitegemea, hana mwajiri, na mara nyingine wenye mamlaka humtilia shaka. Kati ya wawili hawa tunaona safari ya msomaji. Kijana wa miaka ya 1970 aliweza kujiona kama askari wa taifa lake. Kijana wa miaka ya 1980, aliyedaiwa kitambulisho, alijiona karibu zaidi na mtu anayelipenda taifa lake pasipo kuwa na kadi yake.

Sababu ya tatu ni lugha na mahali. Vitabu hivi vilitaja barabara ambazo msomaji alizikanyaga na hoteli ambazo alizitazama kwa nje. Viliandikwa kwa Kiswahili chepesi, chenye maneno ya mjini. Mtu aliyejifunza kusoma ili aandike jina lake alijikuta anamaliza kurasa 150 kwa siku mbili. Wapo walimu waliotumia miaka kuwahimiza watu wasome. Na jalada lenye bastola likaifanya kazi hiyo bila mshahara.

LAWAMA ZA WAZEE

Vitabu hivi vililaumiwa sana, na si haki kusema kwamba lawama zote zilikuwa za bure. Ilisemwa kwamba ni uigaji wa Ian Fleming na James Hadley Chase. Kwa sehemu ni kweli. Kuna mahali ambapo Willy Gamba hunywa na hutembea kama James Bond aliyepakwa rangi. Ilisemwa kwamba vinafundisha ukatili na zinaa. Kwa sehemu ni kweli pia. Baadhi ya waandishi walimwaga damu walipokosa la kusema.

Lawama ambayo naiona nzito zaidi ni ile iliyosemwa kidogo. Katika vitabu vingi vya namna hii mwanamke ama ni mtego, ama ni zawadi. Huingia akiwa amevaa nguo ya kubana, humdanganya shujaa au hupendwa naye, na mara nyingi hufa kabla ya ukurasa wa mwisho. Nuru wa Mtobwa ana akili na ujasiri, lakini hata yeye husimama upande wa mwanamume ambaye jina lake ndilo linalotajwa kwanza. Wasichana wa Kariakoo walivisoma vitabu hivi sawa na kaka zao, wakivificha chini ya godoro, na hawakukuta ndani yake msichana anayeongoza. Hiyo ni hasara ambayo vitabu vya leo vya ng'ambo vimeifidia, na ni sababu mojawapo ya binti zetu kuvikimbilia.

Hata hivyo, wazee walikosea katika jambo moja kubwa. Walidhani kijana anasoma uovu kwa kuwa anaupenda. Mtoto aliyeomba hadithi ya nunda isimuliwe tena hakuwa akimpenda nunda. Alitaka kufika tena mahali ambapo nunda anakufa, na hakuna njia ya kufika hapo isipokuwa kwa kupita mahali ambapo nunda anakula. Anayetaka vijana wasomewe habari za amani tu anawanyima njia yenyewe.

NUNDA WA NJE NA NUNDA WA NDANI

Sasa nafika katika lile nililosema limepungua. Katika riwaya za Musiba na za wengi waliomfuata, nunda hutoka nje. Ni Kaburu, ni jasusi wa kigeni, ni kibaraka aliyenunuliwa. Shujaa akimwua, mji unapona, na msomaji analala. Lakini nunda wa hadithi ya kale hakutoka nje. Alifugwa ndani, akalishwa ndani, na akalindwa na neno la mwenye nchi kila watu waliposhitaki. Hapo ndipo hadithi ya hatari inapokuwa hadithi ya distopia: hatari inapokuwa ndiyo desturi ya nchi.

Fasihi ya Kiswahili haikuikosa fikra hii. Shaaban Robert, ambaye mwenyewe alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, aliitoa Kusadikika mwaka 1951. Ni nchi inayoelea angani, ambamo Karama anashitakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Utetezi wake ni kusimulia habari za wajumbe waliotumwa nchi za jirani, wakarudi na mafunzo mema, na kila mmoja akatiwa kifungoni. Nchi inayowafunga wanaoiletea heri ni distopia iliyokamilika, nayo iliandikwa kwa Kiswahili miaka miwili baada ya George Orwell kutoa riwaya yake ya mwaka 1984. Shamba la Wanyama la Orwell huyo huyo lilitafsiriwa na Fortunatus Kawegere na kutolewa mwaka 1967, na wasomaji wetu wakawaona wanyama waliopoteza uhuru wao kwa kusahau maneno yaliyoandikwa ukutani. Baadaye Euphrase Kezilahabi akaandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, ambamo mtu hutembea katika ulimwengu uliovurugika akitafuta ukweli. Katama Mkangi wa Kenya akatoa Walenisi mwaka 1995, na Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar akatoa Babu Alipofufuka mwaka 2001, ambamo mzee aliyekufa hurudi kumwonyesha mjukuu wake mambo asiyotaka kuyaona.

Hizi ni kazi kubwa. Mbona basi hazikuazimwa usiku kwa usiku kama za Musiba? Jibu halihitaji utafiti mkubwa. Nyingi ziliingia mikononi mwa kijana pamoja na maswali ya mtihani. Lugha yake ni nzito, mafumbo yake ni mengi, na shujaa wake mara nyingi huhutubu pale ambapo kijana angependa aruke ukuta. Hivyo fasihi yetu ikagawanyika njia mbili. Njia moja ilikuwa na swali bila mbio, na nyingine mbio bila swali. Wenye vyeo katika elimu walisimama katika ya kwanza wakaicheka ya pili, na vijana walisimama katika ya pili wakaipita ya kwanza kama wapitavyo ofisi iliyofungwa.

Walikuwako waliojaribu kuziunganisha. Mtobwa, katika Pesa Zako Zinanuka ya mwaka 1984, aliigeuza tochi kuelekea ndani, kwa tajiri aliyechuma kwa njia mbovu katika mji huu huu. Na katika Dar es Salaam Usiku ya mwaka 1990 alitazama jinsi mji unavyowala wanaoishi usiku wake. Mlango ulikwisha funguka. Lakini miaka ya 1990 ilikuja na video, na magazeti mengi ya hadithi za mfululizo, kama zile za Eric Shigongo, zilizowafikisha wasomaji wengi mno lakini zilizotegemea zaidi machozi na maajabu. Kijana aliyetaka kusoma habari za nchi inayowala watoto wake akaanza kuzipata kwa Kiingereza, au katika filamu iliyofasiriwa na mtangazaji wa kibanda cha video.

Na hamu yake haijapungua, kwa sababu hali iliyoizaa haijatoweka. Kijana anayetandaza viatu vya mitumba Kariakoo bado hutazama huku na huku. Mwaka 2021 soko kuu liliungua, na mwaka huo huo wamachinga wakaondolewa kandokando ya barabara za mji. Kila upande una sheria zake na sababu zake, na si kazi ya insha hii kuzihukumu. Nasema tu kwamba anayeishi hivyo ataendelea kutafuta kitabu chenye kumwambia kwamba macho yake makali ni kipaji, na kwamba aliyedharauliwa aweza kuwa ndiye anayetazamiwa.

TUFANYE NINI

Mambo mawili yanatupasa. La kwanza ni kuvihifadhi vijitabu hivi. Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na ni haki Willy Gamba na Joram Kiango wawe na rafu yao humo, pamoja na vile vidogo vilivyochapwa kwa karatasi ya gazeti na ambavyo wenye navyo huvidhani ni takataka. Mjukuu atakayetaka kujua mji wa Dar es Salaam uliogopa nini mwaka 1983 hatapata jibu lote katika hotuba na sheria. Sehemu yake imo katika kurasa zilizolegea mgongo. Mwenye nakala ya zamani sandukuni na asiichome.

La pili ni kuwatia moyo waandishi watakaorudisha mbio na swali katika kitabu kimoja. Tangu mwaka 2023 nchi yetu imekuwa ikitoa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na hili ni jambo la kusifiwa. Yafaa wanaosoma miswada wasiitupe hadithi kwa sababu tu imeanza na mtu anayekimbia. Wamwulize mtu huyo anakimbia nini, na kama jibu lina maana, waendelee kusoma. Yafaa pia mwandishi amkumbuke binti, kwani katika hadithi ya nunda ni mama ndiye aliyejua umbo la mnyama. Kijana alirudi mara nyingi na wanyama aliowaua akidhani amempata, na kila mara mama yake alimwambia kwamba huyo siye.

Sehemu hiyo ya hadithi ndiyo inayofaa kukumbukwa na walezi wa utamaduni. Kijana hakukatazwa kwenda porini, wala hakuambiwa kwamba nunda hayupo. Aliambiwa ukweli kuhusu kile alichokileta, akatumwa tena, mpaka siku aliporudi na nunda mwenyewe.